Kadari Haifuti Haki ya Yatima



Wapenzi wasomaji wetu, tarehe 28 Aprili i karibu. Siku hiyo, katika nchi nyingi, vyama vya wafanyakazi huwakumbuka watu waliotoka majumbani mwao kwenda kutafuta riziki wasirejee. Wafanyakazi wa Canada ndio walioianza katika miaka ya 1980, na tangu mwaka 2003 Shirika la Kazi Duniani huiadhimisha kuwa siku ya usalama na afya kazini. Sisi hatuna haja ya kuifanya sikukuu, kwani sikukuu zetu twazijua. Lakini jambo linalokumbukwa siku hiyo limo majumbani mwetu: limo kwa mchukuzi wa bandarini, kwa fundi aliye juu ya paa, kwa mkata mawe wa machimboni, kwa baharia, na kwa binti anayeshona nguo kiwandani. Kwa hiyo tumeona safu ya juma hili tuiweke hapo, na tuianze kwa swali tuliloulizwa na mama mmoja.

Mama huyu ni mjane. Mumewe alikuwa akikata mawe ya kujengea katika machimbo fulani huku kwetu pwani. Asubuhi moja ukingo wa shimo uliporomoka ukamfunika. Wenziwe walimfukua kwa majembe na kwa mikono, lakini roho ilikuwa imekwisha kutoka. Alizikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Siku ya tatu, khitma ilipokwisha kusomwa, alikuja msimamizi wa machimbo na bahasha na karatasi. Wanaume wa ukoo walimpokea barazani, wakahesabu zilizomo, kisha shemeji akaingia na karatasi hadi chumbani alimokuwa mjane katika eda yake, akamwonyesha pa kutia kidole. "Ndiyo kadari, shemeji. Tumshukuru Mungu, huyu bwana amekuja mwenyewe bila ya kuitwa." Naye alitia. Fedha zile zilimaliza kodi ya nyumba iliyokuwa imelimbikizana, na chakula cha wageni wa matanga.

Alikaa eda yake kama ilivyoamrishwa, miezi minne na siku kumi. Alipotoka alianza kukaanga bajia na viazi mlangoni jioni, ili wanawe wanne wapate kula. Ulipofika mwezi wa kumi na nne ndipo jirani alipomwambia kwamba kuna sheria ya fidia, na kwamba sheria hiyo ina muda wake. Alipotujia hakuanza kwa habari ya fedha. Aliuliza: "Mimi nikidai, si itakuwa ni kumnung'unikia Mungu aliyemchukua mume wangu?"

Tumelibeba swali hili tangu siku hiyo, kwani twajua kwamba hakulizua yeye. Sisi sote tulimfundisha, kila tulipolitamka neno "kadari" barazani kwa namna ya kuyafunga mazungumzo.

Kuamini kadari, kheri yake na shari yake, ni nguzo katika nguzo za imani yetu, na hakuna Muislamu awezaye kuiweka kando. Ajali haimpati mtu ila kwa idhini ya Mola wake. Lakini waliotutangulia, ambao imani yao ilikuwa na uzito kuliko yetu, hawakuifanya kadari kuwa kisingizio cha uzembe. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari kwamba huko kumezuka tauni, alishauriana na wenziwe kisha akaamua kuwarudisha watu. Abu Ubayda (R.A.) alimuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Jibu la Umar lilikuwa kwamba yuaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika kwenye bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina malisho na nyingine ni kavu: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari. Mwenye akili hupeleka wanyama wake penye majani. Basi ikiwa ngamia huchaguliwa ng'ambo iliyo salama, mwana wa Adamu je?

Jambo la pili liko wazi zaidi, nalo limo katika Qur'ani, Sura An-Nisaa, aya ya 92. Hapo pametajwa mtu aliyemuua muumini kwa kukosea, asikusudie. Kifo hicho nacho kilikuwa kimeandikwa, na muuaji hakutaka kitokee. Hata hivyo Mwenyezi Mungu amewawekea watu wa marehemu diya, isipokuwa wenyewe wasamehe kwa hiari yao. Hatusemi kwamba fidia ya sheria za Kenya ndiyo diya. Hukumu hiyo twawaachia wanachuoni. Twasema hili tu: lau kudai haki baada ya kifo kungekuwa ni kumnung'unikia Mungu, Mungu mwenyewe asingaliiweka haki hiyo katika Kitabu chake.

La tatu ni faraja, na ni faraja inayotumiwa vibaya. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo, na aliyekufa kwa kuungua moto, huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Mjane wa machimboni na alishike neno hilo kwa mikono miwili, kwani ni lake. Lakini daraja ya shahidi ni zawadi ya Mola kwa aliyekufa. Haikuwekwa iwe msamaha kwa aliyeuacha ukingo bila ya kuutazama, au kwa aliyeufunga mlango kwa kufuli.

Tumetaja mlango uliofungwa kwa kufuli kwa sababu kuna mlango mmoja ambao dunia ya wafanyakazi haitausahau. Ulikuwa Karachi, nchini Pakistan, katika mtaa wa Baldia, kwenye kiwanda cha nguo kilichoitwa Ali Enterprises. Jioni ya tarehe 11 Septemba 2012 moto ulizuka kiwandani humo watu wakiwa kazini. Madirisha yalikuwa na vyuma, na milango ya kutokea, isipokuwa mmoja, ilikuwa imefungwa. Walikufa zaidi ya watu 250. Baadhi ya maiti waliungua hata wakatambuliwa kwa vipimo vya DNA, na wengine walizikwa bila ya kujulikana majina yao. Wiki chache tu kabla ya moto, kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa kwamba hali zake za kazi ni njema.

Miongoni mwa waliofiwa alikuwamo Saeeda Khatoon, mama mjane aliyempoteza mwanawe wa pekee. Angeweza kukaa na msiba wake ndani, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Yeye na familia nyingine waliunda jumuiya yao, wakawa wakikutana, wakiandikisha majina ya marehemu na ya waliowategemea, na wakibisha hodi maofisini. Mnunuzi mkuu wa nguo za kiwanda kile alikuwa kampuni ya KiK ya Ujerumani. Mwaka 2015 wanne miongoni mwa waathiriwa waliishtaki kampuni hiyo katika mahakama ya mji wa Dortmund, na mama Saeeda alisafiri hadi Ujerumani kulieleza jambo lao. Mwaka 2016, kwa usuluhishi wa Shirika la Kazi Duniani, kampuni ilikubali kutoa zaidi ya dola milioni 5, juu ya zile ilizokuwa imetoa awali, ili familia zilipwe malipo ya kudumu.

Kesi yenyewe ilitupwa mnamo Januari 2019. Twawaomba wasomaji wetu walizingatie hili, kwani ndilo lililotufanya tumkumbuke mjane wetu: haikutupwa kwa kuwa mahakimu waliwasikiliza wafiwa wakawaona hawana haki. Ilitupwa kwa kuwa muda wa kudai ulikuwa umepita.

Liko na jingine. Mwaka 2020 mahakama ya Karachi iliwatia hatiani watu kwa kosa la kukichoma moto kiwanda kwa makusudi, baada ya wenyewe kukataa kutoa fedha walizodaiwa kwa vitisho. Wako waliosema kwamba basi habari imekwisha, mkosa amepatikana. Familia hazikukubali. Aliyewasha moto ana dhambi yake, lakini kilichowazuia watu wasitoke si moto, ni mlango. Moto huweza kuzuka kwa mengi: kwa waya mbovu, kwa sigara, kwa adui. Mlango ulio wazi huwangoja watu wote hao.

Miezi saba baada ya Karachi, Bangladesh ilipatwa na makubwa zaidi. Huko Savar, karibu na mji wa Dhaka, palikuwa na jengo la ghorofa 8 likiitwa Rana Plaza, lenye viwanda vitano vya nguo. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana kutani. Benki iliyokuwa ghorofa za chini iliwaambia wafanyakazi wake wasije. Washonaji, ambao wengi wao walikuwa wanawake, waliamrishwa warudi kazini kesho yake, na wako walioambiwa kwamba asiyekuja atakosa mshahara. Jengo liliporomoka asubuhi ya tarehe 24 Aprili. Walikufa watu 1,134. Nyufa zile zile, jengo lile lile: wa benki walinusurika kwa sababu mkubwa wao alisema "msije", na washonaji wakafa kwa sababu wakubwa wao walisema "njooni".

Ni vigumu kusema kwamba kadari iliwajua wa benki ikawasahau washonaji. Lililowatenganisha ni amri ya mwanadamu, na amri ya mwanadamu ina mwenye kuulizwa, hapa duniani na kesho Akhera.

Damu ile haikwenda bure yote. Mwezi wa Mei 2013 ulitiwa sahihi mkataba baina ya vyama vya wafanyakazi na makampuni yanayonunua nguo, ambao hatimaye uliingiwa na makampuni zaidi ya 200. Tofauti yake na ahadi za kabla yake ni kwamba huu una nguvu ya kisheria. Wakaguzi waliingia katika viwanda zaidi ya 1,600 vya Bangladesh, kufuli zikaondolewa, milango ya moto ikawekwa, nguzo dhaifu zikatiwa nguvu, na mfanyakazi akapewa haki ya kukataa kuingia penye hatari. Mwaka 2023 mkataba wa namna hiyo ulianza kazi Pakistan. Waliodai hayo ni watu waliosema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", kisha wakauliza ufunguo wa mlango ulikuwa kwa nani. Waliyasema yote mawili, na la kwanza halikulizuia la pili.

Sasa turudi kwetu. Kenya ina sheria mbili za mwaka 2007 ambazo yafaa kila nyumba izijue kama ijuavyo nambari ya daktari. Ya kwanza ni ya usalama na afya kazini. Humo imeamrishwa kwamba mlango wa mahali pa kazi usifungwe kwa namna ambayo walio ndani hawawezi kuufungua kwa wepesi. Humo pia mfanyakazi akiona hatari kubwa ya karibu na kumwarifu msimamizi wake, mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo kabla ya kuiondoa. Na mtu akifa kazini, mwajiri yapasa amwarifu ofisa wa usalama kazini wa eneo lile katika muda wa saa 24.

Sheria ya pili ni ya fidia kwa wanaoumia kazini. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, kipimo cha fidia kwa waliomtegemea kikamilifu ni mapato yake ya miezi 96, yaani miaka 8. Linganisha na bahasha ya siku ya tatu. Dai hupelekwa kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini, nalo lapasa kufika katika miezi 12 tangu kifo kutokea. Dai lililochelewa laweza kukosa kusikilizwa, ila ikiwa ajali yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa taarifa kama sheria inavyotaka. Hivi ndivyo tulivyomwambia mama yule: asikate tamaa, aende ofisini akaulize kwanza iwapo taarifa ilitolewa na mwajiri au na mtu yeyote kwa niaba ya marehemu. Alikwenda akifuatana na nduguye, na jambo lake lingali likifuatwa. Twamwombea, lakini twajua kwamba njia yake ingekuwa fupi lau mmoja wetu angesema neno siku ile ya tatu.

Kwa hiyo twawausia wasomaji wetu mambo haya, na twaomba yasomwe mbele ya wanaume wa nyumba pia.

Kwanza, sisi huzika upesi, na hiyo ni sunna njema. Lakini kuzika upesi kusitufanye tukazika na ushahidi. Kabla ya maziko, kifo na kiripotiwe polisi, na sababu ya kifo iandikwe sawasawa katika kibali cha kuzika. Mtu aliyeangukiwa na mawe asiandikwe kwamba aliugua.

Pili, karatasi yoyote inayoletwa matangani isitiwe sahihi wala kidole mpaka isomwe kwa sauti na mtu aielewaye ambaye hana fungu lake ndani ya jambo hilo. Aliyekuja kwa wema hatakasirika kungojeshwa juma moja.

Tatu, na yakusanywe mapema yale yanayothibitisha kazi na mapato: kitambulisho cha kazi, jumbe za M-Pesa za malipo ya kila juma, picha, na majina ya wenziwe waliokuwapo. Mtu asidhani kwamba kibarua hana haki kwa kuwa hakupewa barua ya kuajiriwa. Wenziwe wakitawanyika, ushahidi hutawanyika nao.

Nne, eda isimpotezee mjane haki yake. Miezi minne na siku kumi ni zaidi ya thuluthi ya mwaka aliopewa na sheria. Aweza kumwakilisha nduguye, babake au wakili, na kama ipo haja ya yeye mwenyewe kutoka mchana kwa jambo la lazima, na amuulize sheikh wake, asikatazwe na majirani. Shemeji na maami wajue kwamba kufuatilia jambo hili ni sehemu ya taazia. Wajue pia kwamba kinachopatikana ni haki ya mayatima na wajane kabla ya kuwa cha ukoo, na onyo la Qur'ani kwa walao mali ya yatima kwa dhuluma ni katika maonyo makali mno.

Tano, na hili ndilo linalotuuma sisi wenyewe: katika nyumba zetu nasi tu waajiri. Ni nani kati yetu aliyemuuliza mchimba choo iwapo ana kamba kiunoni na mtu wa kumvuta juu? Shimo la choo na kisima cha zamani huwa na hewa mbaya isiyoonekana. Mmoja huzimia, wa pili hushuka kumwokoa, naye asipande. Ni nani aliyemkataza fundi kusimama juu ya ngazi iliyofungwa kwa kitambaa? Ni nani aliyeuondoa waya uliochubuka jikoni anakopikia dada wa kazi miguu mitupu sakafuni penye maji? Twajua sote hadithi ya kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kulihurumia jasho la mtu na aihurumie na damu yake.

Juma hili, tulipokuwa tukiandika, tulimuuliza mama yule kama aturuhusu kukitaja kisa chake. Alikubali kwa sharti moja: tusiandike jina lake, na tusiache kuandika kwamba mumewe alikuwa ameulalamikia ukingo ule siku mbili kabla. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba umefanya ufa, na kwamba ameambiwa amalize safu ile kwanza. Tumelitimiza sharti lake. Nanyi, leo jioni mume au kijana akirudi kazini, kabla ya kumwandalia chai muulizeni pakoje huko aendako, na akisema pana ufa, msimruhusu mtu yeyote alinyamazishe neno lake.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) awarehemu wote waliofia kazini, wa Karachi, wa Savar na wa pwani yetu, awapokee miongoni mwa mashahidi, awape subira wajane wao, na awalinde mayatima wao na mikono ya wenye kudhulumu. Amin.

Wassalaamu alaykum.